Dakika Kumi na Tano za Baba Mkwe

Mama mkwe alifika Jumapili tarehe 6 Julai 2025, baada ya alasiri. Alipanda ngazi za ploti yetu hapa Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, akiwa na kapu la mikate ya gurusa lililofunikwa kwa kawa la rangi nne alilolisuka mwenyewe. Alikuwa ametoka Makina, Kibera, kwa matatu mbili, na goti lake la kushoto linamsumbua tangu Ramadhani. Hakutaka maji wala chai. Alikaa kwenye kochi, akanyoosha mguu, akaniambia, "Mwanangu, nifungulie sauti ya baba yenu. Nimemwota siku tatu."

Sauti hiyo niliirekodi mwenyewe kwa simu mwaka 2016, baba mkwe akiwa ameketi mlangoni pake kwenye kiti cha kamba. Ilikuwa na dakika 41. Anasimulia kwa Kinubi kilichochanganyika na Kiswahili jinsi baba yake, askari wa King's African Rifles (KAR), alivyopelekwa Burma mwaka 1944, jinsi alivyorudi, na jinsi familia ilivyokaa Kibra, ndiyo Kibera hiyohiyo, kwa karatasi waliyoiita pasi ya shamba. Simu ile iliibwa. Baba mkwe alitutoka 2019. Sauti ikabaki mahali pamoja tu, ndani ya laptopu yetu, katika folda moja na picha 430 ambazo mke wangu alikuwa ameziskani, nyingi kutoka kwa karatasi zilizokwisha kuliwa na unyevu.

Nikaiwasha laptopu. Tulikuwa tumeibadilisha diski wiki mbili nyuma na sasa iliamka kwa sekunde 18. Nikachomeka diski ndogo ya nje tuliyohifadhia vitu vya zamani. Folda ya Familia ilikuwepo. Majina ya picha yalikuwepo, moja chini ya jingine. Sauti haikuwepo. Nikafungua picha ya babu akiwa na sare ya KAR: juu ilionyesha kofia na paji la uso, na chini yote ilikuwa kijivu kitupu. Nikafungua nyingine, ikakataa. Nyingine, ikakataa. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, akisubiri kumsikia mumewe.

Tangu siku hiyo majirani kadhaa wameniuliza kama kuna faida kung'oa hadi diski (hard disk) ya zamani na kuweka diski ya SSD. Nawajibu kwamba faida ipo, tena kubwa, kisha nawaketisha niwasimulie yaliyotupata, kwa kuwa "ndiyo" peke yake ingewapeleka palepale tulipoanguka sisi.

Laptopu yenyewe tuliinunua mjini mwaka 2018, ikiwa imeshatumika Uingereza. Mashine za namna hiyo ndizo zinazosomesha watoto wetu na kuendesha saiba za mitaa yetu. Ina RAM ya gigabaiti 4, na ilikuja na hadi diski ya gigabaiti 500. Mke wangu anaitumia katika chumba cha mbele: anachapa barua, anachapisha kazi za shule za mtaala wa CBC ambazo walimu huzituma usiku zikitakiwa asubuhi, anawasaidia watu kujaza ritani za KRA na fomu za eCitizen. Mimi ni mwalimu. Mshahara wangu hulipa kodi ya nyumba na karo. Chumba kile ndicho kinacholeta chakula mezani.

Kufikia Idd ya kuchinja, mwanzoni mwa Juni 2025, mashine ilikuwa nzito kupita kiasi. Mke wangu aliiwasha, akainjika sufuria ya chai, akakanda unga, na chai ikachujwa kabla ya ile duara ya kusubiri kuacha kuzunguka. Siku moja niliipima kwa saa ya mkononi: dakika 6 na sekunde 40 hadi ikubali kufungua Word. Kompyuta ilipoonyesha kazi zake, diski ilikuwa asilimia 100 muda wote, hata tusipofanya lolote. Wateja walisimama mlangoni, wakatazama simu zao, wakasema, "Mama, nitarudi," wakavuka barabara kwenda saiba nyingine. Na tarehe 30 Juni ilikuwa inakuja, siku ya mwisho ya ritani, ambayo Wakenya wengi huisubiri mpaka jua linapotua.

Aliyesema neno la maana wakati huo ni kijana wetu wa gredi ya tano. "Baba, kuna kitu kinagonga ndani. Tik, tik, halafu kinanyamaza." Nikamwambia ni feni.

Usiku tulilijadili. Mimi nilitaka laptopu mpya ya kulipa kidogo kidogo, shilingi 38,000. Mke wangu alikuwa amepokea 20,000 za chama, na alishazigawa kichwani: karo ya muhula wa tatu, wino wa printa, na godoro la watoto. Akampigia mdogo wake, fundi wa kompyuta kule Makina. Shemeji alisikiliza, akasema, "Dada, msinunue nyingine. Wekeni SSD. Lakini kabla ya yote, shemeji anakili kila kitu." Mke wangu aliniambia maneno yote mawili. Niliyoyabeba kichwani ni yale ya kwanza.

Ni vizuri nieleze hapa kwa nini shemeji alikuwa na hakika vile. Ndani ya hadi diski mna sahani zinazozunguka. Za kwetu zilizunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake kuna mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea. Kila kitu kinapotakiwa, mkono unahama, unasubiri mahali panapotakiwa pazunguke pafike chini yake, unasoma, unahama tena. Safari moja huchukua kama sehemu ya mia ya sekunde. Muda huo ni mdogo ukiusikia, lakini kompyuta inapoamka huhitaji vipande maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika kila upande. Mfikirie mtu wa mkokoteni hapa Kongo aliyeagizwa mitungi elfu kumi ya maji, kila mtungi ukiwa kwenye kioski tofauti, na haruhusiwi kubeba zaidi ya mmoja. Hata awe na miguu ya mwanariadha, jioni itamkuta njiani.

SSD haina kinachozunguka. Kumbukumbu imo ndani ya chipu, na kila mahali hufikiwa bila safari, kama nyumba yenye mfereji ndani. SSD ya kawaida ya laptopu za umri wa yetu husoma megabaiti 500 hivi kwa sekunde, ilhali hadi diski ya aina ile, ikiwa na afya, husoma kama 100. Lakini kasi hiyo si habari kubwa. Habari kubwa ni ile safari: SSD hufika inapotakiwa karibu mara mia haraka zaidi, na kuamka kwa kompyuta ni safari tupu. Kumbukumbu ya namna hiyo si ngeni. Mjapani Fujio Masuoka aliibuni akiwa Toshiba miaka ya 1980. Miaka mingi ilikuwa ghali kwa watu kama sisi; baadaye ikashuka hadi tukaifikia.

Jumamosi tarehe 21 Juni nikapanda matatu ya 46 kwenda mjini. Pale Luthuli Avenue niliingia duka moja nikanunua SSD ya gigabaiti 240 kwa shilingi 3,000, nikapewa risiti na dhamana ya mwaka. Hiyo ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Nilipotoka nikakumbuka kwamba nahitaji pa kunakilia vitu vya zamani. Kando ya barabara palikuwa na mtu aliyetandaza chaja, earphone na diski ndogo za nje zenye ganda la bati linalong'aa. "Terabaiti 2, mzee, 1,800." Terabaiti 2 ni mara nne ya hadi diski yetu yote. Nikaona nimepata pa kuhifadhia maisha mazima ya familia, na chenji ya nauli imebaki. Nikalipa kwa M-Pesa.

Lazima nielezee kitu hiki, kwa kuwa bado kinauzwa na watu bado wanakinunua. Ndani ya ganda lile mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 32. Kipande kinachozungumza na kompyuta kilikuwa kimefundishwa kusema uongo: kikiulizwa kina nafasi kiasi gani, kinajibu terabaiti 2. Unanakili, kinapokea, kinaonyesha majina ya faili zote. Gigabaiti 32 za kwanza zinahifadhiwa kweli. Baada ya hapo kila unachokimimina kinapotea, na majina yanabaki juu kama majina ya wapangaji kwenye ploti iliyobomolewa.

Nilianza kunakili usiku huo saa mbili. Folda zilikwenda kwa alfabeti: Biashara kwanza, kisha CBC, kisha Familia. Biashara ilikuwa na miaka saba ya nyaraka zilizoskaniwa na ikajaza karibu nafasi yote ya kweli. Saa saba usiku, watoto wamelala, mke wangu amelala, kikatokea kisanduku kwenye skrini: faili moja haisomeki, nijaribu tena, niruke, au niache? Nikajaribu mara moja. Ikakataa. Nilikuwa nimechoka, na faili zilizobaki zilikuwa nyingi. Nikaweka alama ya kufanya hivyo kwa zote, nikabonyeza "ruka".

Sikusoma jina la faili.

Asubuhi nilifungua nyaraka tatu za kwanza za Biashara. Zikafunguka safi. Nikaamini.

Shemeji alikuja jioni ya Jumapili, bisibisi zake zimefungwa kwenye kitambaa. Aliniuliza, "Shemeji, umenakili kila kitu?" Nikajibu nimenakili. Mimi ni mume wa dada yake, nimemzidi miaka kumi na mmoja, na heshima ilimzuia kuniuliza mara ya pili. Nimeshamwambia kwamba siku nyingine aniulize hata mara tatu.

Kazi yenyewe haikufika saa moja na nusu. Akageuza laptopu juu ya meza ya kulia chakula, akatoa betri, akafungua skrubu kumi na mbili na kuzipanga kwenye kifuniko cha mkebe wa Blue Band kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Akachomoa hadi diski, nzito na baridi, akaingiza SSD ambayo haikuwa na uzito wa kutajwa. Akaweka mfumo upya kutoka kwenye flashi. Mashine ilipowaka mke wangu aliizima na kuiwasha tena mara tatu, akiihesabu kwa sauti pamoja na watoto, na kila mara ilifika kabla ya ishirini. Alikuwa na machozi. Watu wasiotegemea mashine moja kwa unga wa jioni wanaweza kudhani kasi ni starehe. Jumatatu tarehe 30 Juni alihudumia watu kutoka saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na hakuna aliyeondoka mlangoni.

Hadi diski ya zamani niliikabidhi kwa kijana wetu. Alikuwa na mradi wa shule wa kutumia vifaa vilivyotupwa, na alikuwa amesikia kwamba ndani yake mna sumaku zenye nguvu kuliko zote.

Sasa turudi sebuleni, Jumapili ile, mama mkwe akiwa amefumba macho.

Nilimwambia ukweli. Nilisema, "Mama, sauti haipo hapa. Nafikiri nimeipoteza." Alifumbua macho akanitazama kwa muda. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Ilikuwa wapi kabla ya hapa?" Swali hilo, la mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ndilo lililotuokoa, kwa sababu mimi nilikuwa bado nafungua picha za kijivu moja baada ya nyingine.

Ilikuwa kwenye hadi diski ya zamani, na hadi diski ilikuwa mikononi mwa mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akitafuta sumaku.

Tulimwita kutoka uwanjani. Alikuja akihema, akasikia tunachokitafuta, na uso ukambadilika. Akaingia chini ya kitanda akatoka na boksi la viatu. Hadi diski ilikuwemo. Karatasi yake ya juu ilikuwa imebanduliwa nusu na kifuniko kilikuwa na mikwaruzo. Alikuwa amejaribu kuifungua kwa siku tano. Alitumia bisibisi ya nyumba, kisha kisu cha mkate, kisha mkasi. Lakini skrubu za hadi diski zina tundu la umbo la nyota lenye pembe sita, na nyumbani kwetu tuna bisibisi ya msalaba na ya bapa tu. Lau ingefunguka, vumbi la Kongo lingetua juu ya zile sahani, na hadithi ingeishia hapo.

Mtoto alianza kulia. Nyanya yake akamvuta karibu akamwambia, "Hukukosa. Ulipewa." Kisha akaichukua hadi diski kwa mikono miwili, akaifunga kwa leso yake, akaiweka mapajani. Hakurudi Makina usiku ule. Kesho yake ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano, barabara za kuingia mjini zilifungwa, na hakuna aliyetoka ploti yetu bila sababu. Alilala kwetu siku mbili, na siku zote mbili ile leso ilikuwa kando ya mto wake.

Jumanne jioni shemeji akafika. Aliitia hadi diski kwenye kesi ya USB ya shilingi 600, akaichomeka, akainama na kusikiliza. Tik, tik, kimya. Tik, tik, kimya. Akaniuliza imekuwa ikifanya hivyo tangu lini. Kijana wetu akajibu kabla yangu: "Tangu mwezi wa tatu."

"Basi haikuwa imezeeka tu," shemeji akasema. "Ilikuwa inakufa. Ilikuwa inachelewa kwa sababu kila ikifika mahali palipoharibika inasoma, inakosa, inarudia, inakosa, inarudia. Mlikuwa mnaona uvivu, kumbe ni ugonjwa."

Maneno hayo yalinikaa. Miezi mitatu nilikuwa nimeutazama ule ucheleweshaji kama kero ya kuondolewa, na sikujiuliza hata mara moja unatokana na nini. Nikakumbuka pia siku ya Januari niliyotoka Makina kwa bodaboda, laptopu mgongoni kwenye begi, bado inawaka kwa kuwa nilifunga kifuniko nikadhani imelala. Kile kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ambayo hata chembe ya vumbi haipiti. Barabara ya kutoka Makina kwenda Ngong Road ina matuta na mashimo, na pikipiki haiyakwepi yote. SSD ingestahimili safari ile bila shida, kwa sababu haina cha kugongana. Hiyo peke yake inatosha kumshauri mtu anayebeba laptopu kwenye matatu na boda kila siku.

Shemeji hakufungua folda yoyote. Alisema kila unapoilazimisha diski mgonjwa ifungue hiki na kile unazidi kuiumiza. Aliwasha mashine kwa mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi, akatumia programu ya bure inayoitwa ddrescue. Kazi yake ni kunakili diski nzima kwenda diski nyingine. Kwanza huchukua sehemu nzima zote bila kubishana na zilizoharibika, kisha hurudi polepole kwa zile ngumu, moja moja. Wakati wote inaandika ramani ya ilipofika. Diski ya kupokea alikuja nayo mwenyewe, terabaiti 1 ya duka la kweli, ambayo alikuwa ameijaza yote na kuisoma tena kabla ya kuiamini. Hivyo ndivyo wanavyopima: jaza hadi mwisho, soma kuanzia mwanzo, linganisha.

Ilikwenda usiku kucha. Saa tisa stima ikapotea ploti nzima. Betri yetu ni ya zamani na haikushika hata dakika moja. Skrini ikawa nyeusi na ile tik tik ikakoma. Mke wangu alishika mkono wangu gizani. Mama mkwe alikuwa macho; nilimsikia akisoma dua. Stima ilirudi saa kumi na moja alfajiri. Shemeji akawasha, akaiamuru programu, nayo ikasoma ramani yake na kuendelea palepale ilipokatizwa.

Jumatano saa tano asubuhi tukahesabu. Picha 430, zilizopona 412. Babu wa KAR alikuwepo mzima, kofia, sare, na vifungo vyote. Sauti ilikuwepo, lakini si yote. Kati ya dakika 41 tulipata 26. Kuanzia dakika ya 14 hadi ya 29 hakuna kitu ila mkwaruzo.

Tukaifungua. Baba mkwe akakohoa kama alivyokuwa akikohoa kila siku, akauliza, "Hicho kinawaka?" kisha akaanza. Akaeleza Burma na mvua yake. Akaeleza baba yake alivyorudi kwa meli Mombasa. Mkwaruzo ukaingia. Ulipoisha alikuwa ameshafika mbali, anazungumzia hati ya ardhi. Anasema Wanubi wapo Kibra tangu mwanzo wa karne iliyopita, kwamba serikali ya mkoloni ilitangaza mahali pale kuwa hifadhi ya askari mwaka 1918, na yeye bado anasubiri karatasi. Alirekodiwa 2016. Hati ya ekari 288 ilitolewa kwa jamii Juni 2017. Aliiona, akawa mzee mwenye furaha kwa miaka miwili. Kumsikia akiisubiri, nasi tukijua ingekuja, kulitunyamazisha sote chumbani.

Mama mkwe akasema, "Pale palipokatika alikuwa anataja majirani. Nyumba kwa nyumba, kutoka msikitini kuteremka."

Hizo ndizo dakika 15 nilizozipoteza kwa kidole kimoja, saa saba ya usiku.

Hata hivyo siwezi kusema tulikosea kununua SSD. Tulitumia 3,000 kwa diski na 600 kwa kesi, na mashine iliyokuwa ikitufukuzia wateja sasa inafanya kazi kuliko siku tuliyoinunua. Ningenunua laptopu ya 38,000, ningekuwa na deni hadi leo, na hadi diski ya zamani ingekufa vilevile kabatini pamoja na sauti iliyokuwa ndani yake. Mwenye kompyuta ya miaka kumi yenye hadi diski, hakuna shilingi atakayoitumia kwa faida kubwa kuliko hiyo. Nalisema hili baada ya kuumia.

Lakini asitegemee ya ziada. Intaneti yetu hupungua kasi jioni, na SSD haikuibadilisha. RAM ni ileile 4. Mke wangu akifungua kurasa nyingi mashine hulemewa, ingawa sasa hulemewa kwa sekunde badala ya dakika. Betri bado ni mbovu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, na laptopu ya umri wa yetu haitimizi masharti ya Windows 11, kwa hiyo shemeji ametuwekea Linux moja kwa moja. Mke wangu alilalamika siku tatu, akazoea. Mashine ikifa kabisa tutachomoa SSD na kwenda nayo kwenye mashine nyingine.

Tena SSD ina tabia moja inayonitia hofu kuliko hadi diski. Haigongi. Hadi diski yetu ilitupigia kelele miezi mitatu na mtoto akasikia. SSD inaweza kufanya kazi vizuri leo jioni na kesho asubuhi isitambulike kabisa, na kutoa kitu ndani yake ikishakufa ni kazi ngumu na ghali. Inayokupa kasi ndiyo usiyopaswa kuiachia kumbukumbu ya pekee.

Kijana wetu alipata sumaku zake. Tuliporidhika kwamba hakuna tena cha kuokoa, shemeji alimletea bisibisi ya nyota, wakaifungua hadi diski pamoja juu ya meza. Sahani ziling'aa kama kioo cha kujitazamia, na kwenye mojawapo kulikuwa na mduara mwembamba wa kijivu ambapo kichwa kilikuwa kimekwaruza. Shemeji akamweleza kwamba hadi diski ya kwanza duniani, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba megabaiti 5 hivi, ambazo zisingetosha picha moja ya babu tuliyoiskani. Mtoto aligusa ule mduara kwa kidole, akauliza, "Hapa ndipo palipokuwa na sauti?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Folda ya Familia sasa iko kwenye SSD ya laptopu, kwenye akaunti ya Google ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na kwenye diski ya nje iliyopimwa, ambayo mama mkwe ameifungia Makina katika sanduku la bati pamoja na pasi ya shamba. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakwenda kwake. Anakaa kwenye kile kiti cha kamba, mlangoni, nami naweka simu kwenye kigoda. Anataja majirani nyumba kwa nyumba, kutoka msikitini kuteremka, yule aliyekuwa fundi wa viatu, yule aliyefuga kondoo, yule aliyezaa pacha mwaka wa uhuru. Amefika nyumba ya kumi na tatu. Rekodi ya kwanza ina dakika 52, na usiku uleule tuliporudi Kongo, kabla ya kula, niliifungua na kuisikiliza yote katika nakala zote mbili nilizokuwa nazo. Ya tatu aliisikiliza mama mwenyewe.